Mtoto Akipimwa Shuleni, Mzazi Aambiwe Nini?

Mtoto wa darasa la awali akirudi nyumbani na kusema "leo tumepimwa", maswali ya mzazi huwa yako tayari. Amepimwa na nani? Kwa ajili gani? Na majibu kaambiwa nani? Maswali hayo yakikosa majibu ya wazi, huja majibu ya kubuni, na ya kubuni hukimbia kijijini kuliko barua ya mwalimu mkuu. Uchambuzi huu unayachukua maswali hayo kwa uzito wake. Msimamo wake ni kwamba kupima watoto wadogo shuleni kuna faida, ila faida yenyewe hupitia kwa mzazi. Mzazi akiwekwa pembeni, kinachobaki ni namba kwenye daftari na mtoto aliyepewa jina la utani.

Migomba mlangoni, udumavu ndani

Tuanzie Kituntu, kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Huku ni kwa Wanyambo, na shamba la migomba huanzia ukutani mwa nyumba. Mgeni anayepita haoni njaa. Anaona ndizi, maharage chini ya migomba, kahawa ikianikwa uani. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba karibu watoto 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kagera wamedumaa, yaani urefu wao uko chini sana ya ule wa umri wao. Utafiti wa 2022 ulikuta wameshuka hadi takriban 34, huku wastani wa taifa ukiwa 30. Hatua imepigwa, na bado mmoja katika kila watatu ni wengi mno kwa mkoa unaojilisha.

Sababu si fumbo. Ndizi hushibisha, lakini ina protini kidogo, mafuta karibu hakuna, na madini ya chuma haba. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Hujaa ndizi kabla hajapata kile mwili unachojengea mifupa na damu. Mayai na maziwa yanapopatikana, mengi huenda sokoni. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na matumizi yake hupangwa na mtu ambaye mara nyingi si yule anayepika. Ongeza malaria, minyoo na kuhara, ambavyo hula sehemu ya kile kidogo kilicholiwa. Ongeza pia mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera miaka ya 2000 na kufyeka mashamba ambayo familia zilirithi kutoka kwa mababu.

Udumavu una tabia mbaya moja: haujionyeshi. Mtoto aliyekonda sana huonekana na kila mtu. Aliyedumaa huwa na mashavu, anacheza, anacheka. Anaonekana tu kama mtoto wa umri mdogo kuliko wake. Na pale ambapo watoto wengi ni wafupi, hakuna aliye mfupi. Jicho la mama, hata liwe kali namna gani, halina pa kulinganishia. Hapo ndipo ubao wa kupimia urefu unapokuwa na kazi ambayo jicho haliwezi.

Mtoto aliyeangukia katikati

Watu huuliza: kwani kliniki haitoshi? Kliniki inapima, na kadi ya ukuaji ya mtoto ni moja ya karatasi zinazotunzwa vizuri zaidi katika nyumba nyingi za Tanzania. Lakini safari za kliniki hufuata sindano. Dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, na baada ya hapo mahudhurio hupungua, kwa kuwa mama mwenye shamba na mtoto mwingine mgongoni haoni sababu ya kutembea hadi zahanati ili mtoto aning'inizwe tu kwenye mizani. Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba, humpa vitamini A na dawa ya minyoo, lakini naye akitimiza miaka mitano anatoka kwenye orodha. Utepe wa rangi unaopima mzingo wa mkono nao umewekewa viwango vya mtoto wa miezi 6 hadi 59. Hata ile shilingi 1,000 ambayo kila halmashauri imeagizwa kutenga kwa ajili ya lishe inahesabiwa kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Hivyo siku mtoto anapovaa sare ya darasa la awali, ndiyo siku karibu mifumo yote ya lishe inapomwachia. Shule ndiyo taasisi pekee ya umma inayomwona kila siku. Hiyo ni hoja nzito ya kupima shuleni, na imepewa nguvu na sera. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataka afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa mtoto wa hadi miaka minane viende pamoja.

Lakini hoja nzito haifuti mashaka. Mashaka ya wazazi ni ya aina tano, na hayalingani uzito.

Fedheha

La kwanza ni aibu, na ndilo lenye mizizi mirefu. Katika maeneo mengi ya Tanzania, mtoto asiyekua vizuri huleta tuhuma kwamba wazazi wamembemenda, kwamba walirudiana kimwili au mama alishika mimba nyingine kabla ya wakati. Uzito mdogo basi husomwa kama hukumu juu ya mwenendo wa ndoa. Wanaanthropolojia Mary Howard na Ann Millard, waliofanya utafiti miongoni mwa Wachaga wa Kilimanjaro na kuchapisha kitabu *Hunger and Shame* mwaka 1997, walionyesha jinsi aibu ya namna hiyo ilivyowafanya wazazi kuficha watoto wenye utapiamlo badala ya kuwapeleka kutibiwa.

Kagera ina jeraha lake la ziada. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa mkoani humo mwaka 1983, na kwa miaka mingi kukonda kulikuwa ushahidi tosha machoni pa jirani. Watu wazima wanaolea watoto leo walikua wakishuhudia hayo. Ukimwambia mzazi wa kizazi hicho, mbele ya wenzake kwenye kikao, kwamba mwanawe ana uzito pungufu, anachosikia kinaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Na mtoto mwenyewe? Watoto wa miaka mitano na sita wanajua kuhesabu. Mwalimu akisoma kilo kwa sauti ili mwenzake aandike, darasa zima limesikia. Kufikia saa ya mapumziko, mwenye namba ndogo ana jina jipya.

Hofu ya kitakachofuata

La pili ni hofu kwamba kupima ni mlango wa jambo jingine. Hofu hii ina msingi. Katika kampeni za kutibu kichocho na minyoo shuleni, watoto hupimwa urefu kwa fimbo maalumu kabla ya kumeza praziquantel, kwa sababu idadi ya vidonge hufuata kimo: mtoto wa chini ya sentimita 94 hapewi, na anayezidi hapo huongezewa kadiri alivyo mrefu. Kwa mzazi, basi, "tumepimwa urefu" na "tumepewa dawa" ni habari zinazoweza kukaa katika sentensi moja.

Mkoani Morogoro mwaka 2008, kampeni ya namna hiyo iliishia katika ghasia shuleni, na wazazi wakakataa watoto wao wapewe dawa. Mtafiti Julie Hastings, aliyechunguza tukio hilo, alikuta kwamba wazazi walikuwa wamepewa maelezo machache mno. Waliona madhara ya dawa kwa watoto, wakahofia kwamba wanafanyiwa majaribio au wanaharibiwa uzazi kwa siri. Dawa ilikuwa halali na salama. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza mapema, kwa lugha ya watu, na kubaki pale kujibu. Wasimamizi wanaopenda kusema kwamba wazazi hawana elimu wanapaswa kulisoma tukio hilo kwa makini, kwa sababu pengo la elimu lilikuwa upande wa waliopanga pia.

Usahihi wa namba

La tatu husemwa na wachache, lakini mimi naliona kubwa: je, namba yenyewe ni ya kweli? Kupima urefu kunaonekana rahisi hadi ufanye. Mtoto avue viatu. Nywele zilizosukwa kwa kusimama zibonyezwe au zifumuliwe. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ubao, macho yatazame mbele. Mtu mmoja ashike magoti yasipinde, mwingine ashushe kibao cha juu hadi kiguse fuvu, asome kwa milimita. Kisha warudie. Sasa weka mahali pa ubao huo futi ya fundi cherehani iliyobandikwa kwenye ukuta wa darasa uliobonyea, na rula ya mwalimu juu ya kichwa. Makosa ya sentimita mbili yamekwisha patikana.

Sentimita mbili ni kitu gani? Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, msichana aliyetimiza miaka mitano hutarajiwa kuwa na sentimita 109.4, na huhesabiwa amedumaa akiwa chini ya 99.9. Kwa mvulana namba hizo ni 110 na 100.7. Msichana wa sentimita 101 akipunjwa sentimita mbili kwenye kipimo anaingia katika kundi la waliodumaa bila mwili wake kubadilika hata kidogo.

Na kuna kosa kubwa kuliko la futi: umri. Katika miaka hiyo mtoto huongezeka takriban sentimita sita kwa mwaka. Aliyeandikishwa kuwa na miaka mitano kumbe ana mitano na nusu atalinganishwa na kiwango kilicho chini kwa karibu sentimita tatu, na udumavu wake utafichika. Aliyeongezewa miezi ili awahi kuandikishwa atatangazwa amedumaa ilhali ni mzima. Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi ya kliniki ina thamani kuliko mizani ya kisasa, na kadi hiyo iko kabatini kwa mzazi. Anayepima bila kumhusisha mzazi amejinyima nusu ya kipimo.

Uzito una mitego yake pia. Mizani iliyowekwa juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa husema uongo, na mtoto aliyepimwa asubuhi akiwa hajala hafanani na aliyepimwa baada ya uji. Zaidi ya hapo, uzito peke yake hausemi urefu. Mtoto mfupi mwenye mwili uliojaa anaweza kupita kwenye mizani bila shaka yoyote.

Siri ya mtoto

La nne ni taarifa. Namba ikishaandikwa, inakwenda wapi? Kwa mwalimu mkuu, afisa lishe wa halmashauri, mradi wa nje, au ukuta wa ofisi? Hapa sheria iko upande wa mzazi kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto na zile za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kuzikusanya kunahitaji sababu inayojulikana, na kuzisambaza ovyo ni kosa. Orodha ya majina na kilo iliyobandikwa mlangoni mwa darasa haina utetezi.

Kagera inalijua jambo hili kwa namna ya pekee, maana ni moja ya mikoa ya Afrika ambayo watu wake wamepimwa na kufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Kati ya 1991 na 1994, utafiti wa afya na maendeleo ulipita katika kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, Karagwe ikiwemo, ukiwapima watu urefu na uzito. Watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale mwaka 2004, na tena 2010. Kutokana na vipimo hivyo, wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha mwaka 2009 kwamba mtoto aliyefiwa na mama alifika utu uzima akiwa amepungukiwa sentimita mbili za kimo na mwaka mmoja wa shule. Watafiti wengine, kwa takwimu hizohizo, walionyesha kwamba waliopata utapiamlo utotoni walichelewa kuanza shule na wakaishia na masomo machache.

Hayo ni maarifa makubwa, na dunia inayanukuu hadi leo. Yanatufundisha mambo mawili. Kwanza, namba za watoto wa Kagera zina thamani, kwa hiyo zinastahili kulindwa na kurudishwa kwa wenyewe. Pili, wastani wa mamia ya watoto hauwezi kumtabiri mmoja. Mwalimu anayemwona mtoto mfupi na kuamua kwamba hatajifunza haraka ameichukua takwimu akaigeuza kuwa hukumu. Mwanafunzi huyo anahitaji chakula na uvumilivu wa mwalimu, lebo haimsaidii.

Baada ya kupima, nini?

Shaka la tano ndilo kubwa kuliko yote: wakishapima, ndipo wafanye nini? Tanzania ina mfano mashuhuri. Mwaka 1983 mkoani Iringa ulianza mpango wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF, WHO na serikali ya Italia, katika vijiji 168. Kila miezi mitatu, Siku ya Afya ya Kijiji, watoto walipimwa uzito hadharani, na kikao cha kijiji kikakaa kuuliza: huyu kwa nini amepungua, tufanye nini, na robo ijayo imekuwaje? Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka takriban 56 hadi 38 katika kila 100. Mizani haikuwanenepesha. Kilichofanya kazi ni kile kikao, uji uliopikwa mahali pa pamoja, na ratiba ya kazi za mama iliyozungumzwa na wanaume wakiwa wamekaa palepale.

Tena ni Iringa hiyohiyo ambayo utafiti wa 2022 uliikuta ikiongoza nchi kwa udumavu, watoto karibu 57 katika kila 100. Vipimo hivi viwili havilingani moja kwa moja, kimoja ni cha uzito na kingine cha urefu, na mipaka ya mkoa imebadilika. Lakini funzo halikwepeki: kupima kunapogeuka mazoea ya kujaza fomu, na urefu usipoangaliwa kabisa, mkoa wenye chakula tele unaweza kudumaza watoto wake kwa miaka bila kengele kulia.

Nchi tajiri nazo hazijalimaliza swali hili. England imekuwa ikipima watoto wa shule tangu 2005, wanapoanza na wanapokaribia kumaliza shule ya msingi, na wazazi wakapelekewa barua. Huko kinachotafutwa ni unene. Wazazi wengi walizichukia barua hizo, kwa kuwa zilikuja baridi, bila mtu wa kuzungumza naye. Jimbo la Arkansas, Marekani, lililoanza mwaka 2003, lililegeza sheria yake mwaka 2007 na kuwaruhusu wazazi kukataa. Tofauti ya unene na udumavu ni kubwa. Malalamiko ya mzazi ni yaleyale.

Na kwa Kituntu kuna ugumu wa ziada ambao lazima usemwe. Udumavu hutengenezwa zaidi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili. Mtoto anapofika darasa la awali, sehemu kubwa ya hasara imekwisha kutokea, na hakuna uji utakaomrudishia sentimita zote. Basi kwa nini apimwe?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtoto huyo bado anaweza kusaidiwa kwa yale yanayomsumbua leo: upungufu wa damu, minyoo, na njaa ya saa nne asubuhi inayomfanya asinzie darasani. Ya pili ndiyo muhimu zaidi, na sijaona ikitiliwa mkazo wa kutosha. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi ana mdogo wake nyumbani. Mdogo huyo anakula chungu kimoja na kakaye, anakunywa maji yaleyale, analelewa na mama yuleyule aliyechoka, na bado yuko ndani ya siku zake 1,000. Kipimo cha mkubwa kinaonya juu ya mdogo. Onyo hilo haliwezi kumfikia mdogo kwa njia ya daftari la shule; njia pekee ni mama na baba, wakiambiwa kwa heshima, na mhudumu wa afya ya jamii akafika nyumbani wiki hiyo.

Masharti ya mizani

Hukumu yangu basi ni hii: shule ipime, lakini kwa masharti. Wazazi waarifiwe kwenye kikao kabla ya siku yenyewe, na iwekwe wazi kwamba siku hiyo hakuna dawa wala sindano. Kama ipo, isemwe. Mzazi mwenye shaka aruhusiwe kukataa bila mtoto kuadhibiwa. Mtoto apimwe mmoja mmoja nyuma ya mlango, namba isisomwe kwa sauti. Apimwe urefu na uzito, kwa ubao wa kweli na mtu aliyefundishwa kutoka zahanati, kadi ya kliniki ikiwa mezani. Majibu ayapate mzazi, ana kwa ana, pamoja na jambo la kufanya linalowezekana kwa mfuko wake: kiganja cha dagaa waliosagwa kwenye ndizi za mdogo, maharage yaliyopondwa, yai moja lisiende sokoni. Na shule isiyo na uji isianze na mizani. Ianze na uji.

Sharti hilo la mwisho linawahusu wazazi pia. Tangu elimumsingi iwe bila malipo mwaka 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa mzazi, na wapo wanaohofia kwamba kipimo kibaya kitakuwa kisingizio cha mchango mpya. Hofu hiyo ijibiwe kwa hesabu ya wazi, debe kwa debe, mbele ya kamati ya shule. Halmashauri nayo iulizwe: ile shilingi 1,000 ya kila mtoto, mwaka huu imetengwa kiasi gani, imetoka kiasi gani, na Kituntu imefika nini?

Mzazi mwenzangu, kikao kijacho cha shule usikae kimya. Uliza mtoto wako anapimwa na nani, kwa chombo gani, na majibu utayapata lini. Ukishayapata, mwangalie na mdogo wake.